Majirani Kooni kwa Baba

Baba alikuwa mnadishaji wa sadaka. Katika usharika wetu, mlimani juu kidogo ya Olmotonyi, asiyekuwa na fedha alitoa alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vitu hivyo vilipangwa kwenye nyasi nje ya kanisa, na baba akavinadi. Alikuwa na sauti ya kumfanya mjane anunue mayai yaleyale aliyoyatoa asubuhi, kisha arudi nayo nyumbani akicheka.

Sauti hiyo ilipoanza kukwaruza, watu walilaumu mnada, vumbi la mahindi na kiko chake. Mimi peke yangu ndiye niliyeshtuka. Lakini mimi nilishtuka kwa kila kitu, na mtu anayeshtuka kila siku hasikilizwi siku ya maana.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya elimu ya wanyama. Ilikuwa ile miaka ambayo serikali ilikuwa imefungulia kila kitu: mitumba, maduka ya dawa, magazeti, wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuja na magari yao hadi mlangoni. Kilichofungwa ni ajira. Kila barua ya maombi niliisoma mara tisa kabla ya kuituma, kisha njiani kutoka posta nikakumbuka kwamba sikupiga mstari chini ya kichwa cha habari, nikaamini kwamba hapo ndipo maisha yangu yalipoharibikia.

Hospitalini walimkata baba kipande kidogo cha nyama kooni, wakakipeleka maabara. Majibu yalipokuja, daktari wa koo alituambia wazi. Ni saratani, iko kwenye kikoromeo, haijasambaa. Dawa yake ni kukiondoa kikoromeo chote. Baba angepumulia tundu shingoni, na sauti yake isingerudi.

Baba alitoka nje. Mimi nilibaki, nikaomba nisome ile karatasi ya maabara. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba ndani ya uvimbe kulikutwa seli nyingi za kinga, zile chembechembe nyeupe za damu zinazopambana na maradhi.

"Hilo ni jambo jema," daktari alisema. "Wenye uvimbe uliojaa seli hizo mara nyingi huishi zaidi kuliko ambao uvimbe wao hauna. Mara nyingi, si mara zote. Tena hao nao tunawapasua."

Katika maneno yote hayo, niliyobeba kwenda nayo nyumbani ni "jambo jema".

Siku tatu baba alishinda jikoni karibu na moto. Siku ya nne nilimfuata jikoni, mama akichambua maharage, nikaamua kumfariji kisomi.

"Baba, ndani ya huo uvimbe kuna seli za kinga. Nyingi sana."

"Ndiyo nini?"

"Ni kama yowe. Mwili umepiga yowe, majirani wametoka, wamemzingira mwizi."

Kwetu yowe likipigwa kila mwanamume hutoka na alichoshika mkononi, na asiyetoka hutozwa mbuzi. Niliona uso wa baba ukifunguka. Nilijisifu moyoni kwa muda wa kama dakika mbili, na sijajisifu tena tangu hapo.

Kufikia Jumapili mlima mzima ulikuwa na habari. Baba alimwambia mwinjilisti, wazee wa kanisa na wauza mahindi wa sokoni Ngaramtoni kwamba hakuna haja ya operesheni, majirani wameshafika. Akiulizwa nani kasema, alininyooshea kidole. "Msomi wangu." Shahada yangu ilikuwa imepata kazi hatimaye, na kazi yenyewe ilikuwa kumuua baba yangu.

Nilijaribu kuifuta hotuba yangu. Nilimchorea picha nyuma ya nakala ya barua ya maombi. Nilimweleza tofauti ya mara nyingi na mara zote.

"Juzi ulisema wamekuja," alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Leo wameondoka?"

"Hawajaondoka, baba."

"Basi."

Lililonitesa zaidi ni kwamba nilijua tangu mwanzo. Chuoni nilichunguza minyoo ya mbuzi. Chini ya hadubini nilimwona mnyoo amezungukwa na seli za kinga zisizohesabika, naye yuko katikati ana afya njema, anataga mayai. Nilimkumbuka mnyoo yule pale pale jikoni, nikamwacha nje kwa sababu angeniharibia mfano.

Siku ya kurudi hospitalini ikakaribia. Nilikuwa nimefika kwenye mchoro wa sita jikoni, mama akichambua maharage tena, aliponiambia niweke kalamu chini. Akamgeukia baba.

"Mzee, ile siku ya mwizi wa kahawa mlitoka wangapi?"

"Wengi."

"Sema vizuri, koo ungali nalo."

"Kijiji kizima."

"Na mwizi?"

Baba akanyonya kiko kisichokuwa na tumbaku. Kisa kile kila mtu alikijua ila hakikusimuliwa mbele yake. Mwizi alijificha katika migomba yetu. Wanaume wakaizingira tangu asubuhi hadi mchana, wakijadiliana nani atangulie kuingia. Walipoingia walikuta gunia la kahawa na jozi moja ya ndala.

"Walikunywa chai yangu yote," mama alisema.

Maharage yalipoisha kuchambuliwa, baba alikiweka kiko chini.

"Alipita katikati yetu," alisema. "Alishika rungu kama sisi, anapiga kelele kama sisi. Mimi mwenyewe nilimpisha." Akanitazama. "Msomi, huo uvimbe unaweza kufanya hivyo?"

Nilitafakari kama kuna namna ya kulijibu hilo isiyoweza kueleweka vibaya. Haikuwepo.

"Unaweza, baba. Ndivyo unavyofanya."

"Kwa hiyo majirani ni heri kuwa nao, lakini lazima mtu aingie."

"Ndiyo."

"Na kisu."

"Na kisu."

"Safari hii chai wapikiwe hukohuko hospitali," mama alisema, akainuka kubandika maharage.

Jumapili ya mwisho baba alinadi kila kitu hadi yai lililokuwa na ufa. Jumanne wakampasua.

Ni miaka mingi sasa, na yu hai. Kila tunapokwenda kupimwa ninamuuliza daktari ni nini kilichomponya, seli au kisu. Hunijibu kwamba hajui, kwamba yale maneno yake yalihusu wagonjwa wengi, na baba ni mtu mmoja. Jibu hilo hunikosesha raha kwa wiki nzima.

Mnada sasa nauendesha mimi. Baba alinichagua kwa kuninyooshea fimbo mbele ya usharika, na hakuna aliyeweza kubishana na mtu asiyesema. Nashika jogoo, mtu anataja bei, nami naanza kuwaza kama inatosha, kama mjane aliyemtoa ataona nimemdharau, kama yule aliye nyuma alitaka kuongeza nikamkata kauli. Watu wananisubiri. Jogoo ananisubiri. Ndipo fimbo ya baba inaponigonga kifundo cha mguu, nami napaza sauti.