Bisho la Ghorofa ya Tatu

Siku aliyostaafu, mhariri wa kamusi ambaye hata mkewe alimwita Mzee Bisho alibakiwa na neno moja tu ambalo halijagongwa muhuri, na ndilo hilo hilo la jina lake. Miaka kumi na tisa alikuwa akilifukuzia. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda uso kwa uso na upepo. Hukata huku, kikakata kule, mpaka kikafika. Hilo ndilo bisho. Sasa hapo nani asiyeelewa?

Mkurugenzi. Ofisini kwao neno la kitendo halikuingia kamusini mpaka litendwe mbele ya mashahidi watatu. Kusinzia lilipita asubuhi moja, wala hakuna aliyeombwa. Bisho je, ghorofa ya tatu? Likikosa muhuri kabla ya saa sita mchana linatupwa, na mzee wa watu anaondoka mikono mitupu. Roho ilimuuma, tusifichane.

Akapanda juu ya toroli la mafaili. Mpini wa ufagio ukawa mlingoti, pazia la chumba cha mikutano likawa tanga. Feni nayo iko darini, ikampuliza utosi tu.

"Wanangu," akawaambia wenzake, "nipepeeni."

Wakajipanga mwisho wa korido, penye meza ya mkurugenzi, wakampepea usoni kwa majalada mpaka jasho likawatoka. Toroli likaenda upogo hadi mlango wa uhasibu, likageuka hadi mlango wa choo, likageuka tena. Kisigino cha mzee kilikuwa kikisukuma sakafu, lakini mashahidi walikuwa watu wazima. Wao waliangalia pazia. Saa sita kasoro dakika nne akaigonga meza.

"Umefika, baba," mkurugenzi akasema, akaandika. Kwa utaratibu wao, maana ya neno ni kile kilichoonekana, basi. Akamsogezea karatasi atie sahihi: *Bisho: mwendo wa upogo wa mzee aliyesimama juu ya toroli huku akipepewa na watumishi.*

Mzee Bisho akaisoma mara mbili. Miaka kumi na tisa, imekuwa hiyo. Akaitazama saa ya ukutani: dakika mbili. Neno "toroli" akaliacha lilivyo. "Watumishi" akawaacha. Akakata neno "mzee", juu yake akaandika "nahodha", akatia sahihi.

Mkurugenzi akalitazama sana lile neno. Kisha akagonga muhuri.