Mapigo Sitini ya Mativo

Mativo hakujua kutulia. Akikaa, goti linapiga. Akipanga foleni ya maji, vidole vinacheza juu ya debe la mwenzake mpaka mwenye debe anaudhika. Tulikuwa majirani Kaloleni, ukuta kwa ukuta, na nilijua yuko nyumbani kwa kuusikiliza ukuta.

Alitoka Ukambani akiwa mchongaji wa vinyago. Akaacha vinyago, akashika besi ya nyuzi, ile kubwa ya kusimama inayompita mtu urefu. Aliipata imepasuka mgongo kwa bendi iliyovunjika, akaiziba mwenyewe kwa mbao za masanduku ya majani chai. Jumapili alasiri aliipiga kwenye bugi, dansi letu la ukumbi wa mtaa. Siku nyingine alisimama nje ya lango la kiwanda Industrial Area saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na wanaume wengine, akingoja msimamizi anyooshe kidole. Ukinyooshewa, una kazi ya siku. Usiponyooshewa, unarudi nyumbani na goti lako. Miaka tisa.

Mwaka wa 1979 Mwalimu Walter, aliyefundisha muziki katika chuo kimoja mjini, alimsikia kwenye bugi. Walter alikuwa ametunga muziki wake: upande huu fidla mbili na dada zao wakubwa, viola na selo, watu wa kusoma karatasi, upande ule watu wa jazi, Njogu na saksafoni yake, Nabiswa kwenye ngoma, na besi. Chuo kilikuwa na nafasi moja ya mpiga besi, kazi ya mshahara wa mwezi. Walter akamweleza Mativo wazi kwamba mkuu wa chuo atakuja kwenye onyesho, na anataka kujua jambo moja tu: mtu wa bugi anaweza kufuata kilichoandikwa?

Noti, zile alama za karatasi, alizijua kwa miezi mitatu, Kanyiva mkewe akilalamika kwamba ukuta wa jikoni umejaa mayai meusi anayoyachora kwa makaa. Shida ilikuwa mahali pasipo na noti. Katikati ya muziki, Walter aliandika besi inyamaze mapigo sitini, wale wanne wa karatasi wabaki peke yao, kisha besi irudi kwa sauti moja ya chini. Kila wakifanya mazoezi, likifika pigo la ishirini, mkono wa Mativo unaingia.

Asiyekulia kwetu atamlaumu. Kwenye bugi, waya wa gitaa ukikatika hakuna anayejali. Besi ikinyamaza, basi kuna vita mlangoni au polisi wameingia, na kila mtu anatafuta koti lake. Mpiga besi ndiye anayetakiwa kupiga hata viti vikiruka.

"Mwalimu," alimwambia Walter, "wa kufutwa kwa kunyamaza nimewaona. Wa kulipwa kwa kunyamaza sijaona hata mmoja."

Walter hakucheka. Akasema ana mtu mwingine wa kumpa ile nafasi, Jumapili ikiharibika.

Mativo alinieleza hayo Alhamisi, amesimama mlangoni kwangu, akigonga fremu kwa kucha. Sikumwonea huruma, nilichoka na ukuta. Nilikuwa nauza nguo kuukuu sokoni Gikomba, nikamwambia kesho aje akae nyuma ya rundo langu, afunge mdomo.

Mteja wa kwanza alikuwa Hared, aliyenunua makoti kwa jumla, mtu mgumu. Nikataja bei, nikaanza kukunja mikono ya koti. Hared akaguna. Akasema kitambaa kimechoka. Akaenda hatua tatu, akarudi. Mimi kimya. Nyuma yangu namsikia Mativo anahema kama aliyetwishwa gunia. Kidogo tu ampunguzie bei mtu asiyemjua.

"Mama Chege, wewe ni jiwe," Hared akasema mwishowe. "Haya, funga."

Mativo akaniuliza nilikuwa nafanya nini pale katikati.

"Kazi," nikamwambia. "Bei ikishatajwa, wa kwanza kufungua mdomo ndiye amepoteza. Unadhani nimelala? Nahesabu pumzi zake."

Alikaa mpaka jioni. Kufikia mteja wa sita nilimwona anahesabu kwa kichwa.

Onyesho lilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbini petu. Wageni wa mjini mbele, sisi nyuma na nguo za kanisani. Fidla zilianza kwa kukwaruzana, kisha Njogu akaingia na saksafoni kama mtu aliyechelewa mkutano lakini ana hoja. Watu wawili wa kwetu waliinuka kucheza, wakakosa pa kuweka mguu, wakakaa.

Besi ikanyamaza.

Kumi. Ishirini. Viti vikaanza kusogea. Mwanamke akachukua mkoba wake. Mtu akauliza kuna nini mlangoni. Watu wanne walikuwa wamekwisha kuufikia mlango wakati Makau, bingwa wa kucheza bugi, alipoinuka.

"Mativo, wanakuonea? Piga!"

Mkuu wa chuo akageuka kutazama. Mkono wa Mativo ukapanda. Kanyiva, aliyekaa kando yangu, akanikamata kiwiko. Mkono ukafika karibu na nyuzi, ukasimama hapo hapo, na goti linatikisa suruali nzima. Hakumtazama Walter. Alimtazama Makau, kama ninavyomtazama Hared, mpaka Makau akakaa. Hamsini. Waliokuwa mlangoni nao wakasimama. Fidla zilikuwa zimebaki nyembamba kama uzi wa sindano.

Sitini. Sauti moja, ya chini kabisa. Niliisikia kwenye mbao za kiti.

Kama muziki ule ulikuwa mzuri, mimi sijui. Najua mkuu alimwambia aje Jumatatu saa mbili.

Jumatatu saa mbili ikapita. Saa tatu Walter akatoka nje kwa hasira kumtafuta mtu aliyemwaibisha. Akamkuta nje ya lango la chuo, besi imeegemea ukuta, goti linapiga. Alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili.

"Mbona hukuingia?"

"Hakuna aliyeninyooshea kidole, Mwalimu."

Walter akarudi langoni. Kisha akanyoosha kidole, na Mativo akaibeba besi yake, akaingia.