Maduka Yaliyofungwa Saa Nne Asubuhi

Binti yangu Kissa anasoma uuguzi Uskochi. Jumapili iliyopita alinipigia simu ya video akiwa matembezini peke yake, katika mji mdogo wa kale huko mashambani. Hapa Guangzhou, China, ilikuwa jioni, nami nilikuwa mtaa wa Dengfeng nikifunga mzigo wa nguo za watoto na mfanyabiashara mwenzangu Njoki.

Niliona nyumba za mawe, kanisa la zamani na barabara tupu. Kwao ilikuwa saa nne asubuhi, na hakukuwa na duka hata moja lililofunguliwa.

"Kissa, hapo kuna msiba," nilisema. Kwetu Tukuyu maduka yakifungwa hivyo, watu wote wamekwenda kuzika. "Tafuta nyumba ya wafiwa ukatoe pole. Usipite kimya kama mwizi."

"Mama, hakuna msiba. Ndivyo palivyo."

Njoki alicheka. "Wewe Mama Kissa, hapa unalalamikia kelele, kule unalalamikia kimya!"

Mimi sikucheka. Mwanangu akianguka pale, nani atamwona?

Mara mlango mmoja ukafunguka, akatoka bibi mwenye aproni, akaanza kusema na Kissa.

"Anasemaje?" nikauliza kwa sauti.

"Anauliza kama nimepotea. Anasema amekuwa akinitazama kupitia dirisha lake tangu niliposhuka kwenye basi."

"Mpe simu."

Kiingereza sina. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akanijibu maneno marefu nisiyoyaelewa, akitabasamu.

"Haya Kissa, tembea," nikasema. "Lakini usipite mbali na dirisha lake."