Viazi vya Lushoto Kisangani

Mdogo wangu Zubeda ameolewa Kisangani mwaka wa sita sasa, na muda wote huo amekuwa akiwaambia wakweze kwamba kaka yake alikuwa mpishi Uingereza. Uongo huo si wake, ni wangu. Nilifanya kazi miaka miwili kwenye jiko la shule moja huko Leeds, na kila nilipopiga simu nyumbani Tanga nilisema "niko jikoni," nikawaachia watu wamalizie wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuosha masufuria.

Basi Zubeda akanipigia. "Kaka, mama mkwe anauliza mbona hakuna mtu wa kwetu anayekuja kunitazama. Njoo uwapikie chakula cha Waingereza. Nimeshaahidi."

Ningeweza kusema kweli palepale. Badala yake niliuliza wako wangapi.

Tanga, siku ya kuondoka, nilifunga kilo nane za viazi vya Lushoto. Nilikuwa nimechagua pai ya nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vya kuponda, kwa sababu sufuria lake ndilo nililolisugua mara nyingi kuliko yote. Kuhusu kuipika, nilitazama video tatu kwenye simu. Ya tatu bando liliishia kwenye vitunguu.

Kinshasa, nikibadilisha ndege, ofisa mmoja alifungua begi akaniuliza kitu kwa Kifaransa. Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa kifua mbele, kwamba mimi ni mpishi. Akawaita wenzake waje kuangalia viazi.

Bangboka, uwanja wa ndege wa Kisangani, tulitua mchana. Shemeji yangu alinipakia kwenye pikipiki, viazi mapajani, na unyevu wa huko ulinilowesha kabla hatujafika mjini. Nyumbani kwao Kabondo, baba mkwe wa Zubeda, Papa Ramazani, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu, bokilo," alisema. Ndivyo wanavyomwita mkwe. "Tangu Zubeda anafika hapa, tunasikiaka tu habari yako. Alors, kesho tutakula kama Bangereza!"

Zubeda alikuwa nyuma yake, ametabasamu mpaka nikaona aibu kumtazama.

Kesho yake asubuhi niliingia jikoni. Oveni hakuna, kuna mbabula mbili, yale majiko ya makaa. Mama Mariamu, mama mkwe, alivuta kigoda akakaa karibu yangu. Alitazama tu nilivyokuwa namenya kiazi, ganda moja nene, kiazi kikibaki kama kete ya bao.

"Kule banatupaka nusu?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo mtindo wao, mama," nilijibu. Mungu anisamehe, na Waingereza pia.

Nilipanga nyama chini, viazi juu, nikapalia makaa kama mama yetu anavyopalia wali Tanga. Sikukumbuka kwamba mama hupunguza moto wa chini. Harufu ilinifikia wakati mmoja na majirani.

Baada ya sala ya adhuhuri tulikaa wote kuzunguka sinia. Chini palikuwa na mkaa, katikati nyama, juu uji. Papa Ramazani alitafuna polepole, kwa heshima. Watoto walimtazama kama wanaomba ruhusa ya kulia.

Mama Mariamu aliweka kijiko chini. "Bokilo, kule Angleterre iko hivi?"

Nikamwona Zubeda ameinamisha kichwa. Kumbe kesho asubuhi mimi ningepanda ndege na kuuacha uongo huu, yeye angebaki nao jikoni.

"Hapana, mama," nilisema. "Sijui kupika. Kule nilikuwa naosha masufuria. Zubeda hakujua. Mimi ndiye niliyemdanganya."

Kisha Papa Ramazani akasogea mbele.

"Bon. Mutu wa kuosha sufuria ndiye anajua batu banabakisha nini. Hii, balikuwa banabakisha?"

"Sana, papa."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mama Mariamu akamfuata, akasema yeye alijua tangu kiazi cha kwanza. Akaingia ndani akatoka na lituma, ndizi zilizotwangwa, na samaki wa kuchoma aliowaficha chini ya kitambaa tangu asubuhi. Zubeda peke yake hakucheka. Alikula bila kunitazama.

Alasiri nililichukua lile sufuria lililoungua, nikaenda nalo uani. Majivu, mchanga, maji ya moto, na saa nzima ya mikono yangu. Hii kazi naijua. Lilipong'aa, Mama Mariamu aliligeuza juani mara mbili, akamwita jirani kupitia ukuta. "Njoo uone! Kaka wa Zubeda amefanya!"

Kisha akaniletea mengine manne.

Uwanjani Bangboka, siku ya kurudi, Zubeda alikuja kunisindikiza. Nilimwomba radhi tena. Alininyooshea kola ya shati, kisha akasema, "Umenitia aibu, kaka. Lakini umekuja."

Nimefika Tanga na vidole vimechubuka. Anayeniuliza siku hizi Leeds nilifanya kazi gani, namjibu kabla hajamaliza swali.