Bwana Choo na Neno Chanya

Bwana afya wa mtaa wetu tulimwita Bwana Choo, maana kazi yake ilikuwa kukagua vyoo. Ukimwona anakuja na buti zake za mpira, ndipo unapokumbuka pipa lako la maji halina mfuniko. Suruali yake nimeitia viraka magotini mara nne, kwa vile alikuwa akipiga magoti kuchungulia mashimo. Maneno hakuwa nayo. "Mama, hapa panavuja," anaandika, anaondoka.

Ugonjwa ulipoingia akapewa kazi ya kugawa karatasi za majibu ya vipimo.

Chumba chetu cha kushonea kilikuwa na vyerehani vitatu: changu dirishani, cha mdogo wangu katikati, na cha Mama Vifungo, mwenye pumu, karibu na mlango apate hewa. Mdogo wangu akaanza kukohoa, akaenda kupima. Mimi sikwenda. Sijazoea kutiwa kijiti puani na mtu nisiyejua kwao.

Karatasi ikaja. Mdogo wangu kafika darasa la saba, na hajaacha kunikumbusha.

"Dada, chanya!"

"Chanya ndiyo nini?"

"Nzuri hiyo! Husikii redioni, fikra chanya, mtazamo chanya? Wewe unajua uzi tu."

"Basi kaa ushone, msomi. Sare za watu zinangoja."

Siku nne tulikaa bega kwa bega tukicheka. Ya tano Mama Vifungo akashindwa kuvuta pumzi, akabebwa hospitali. Ndipo muuguzi alipotueleza kwamba chanya maana yake mtu anao ugonjwa.

Mtaa ukachafuka. Watu wakasema tumeandikiwa mafumbo makusudi ili tuishe. Bwana Choo akibisha hodi, mlango haufunguliwi. Mimi nilimjibu nikiwa ndani, "Nenda kachungulie vyoo, ndiko unakokujua!" Hakuna aliyekwenda kupima tena. Waliokuwa wakikohoa walikoholea kwenye mto. Mdogo wangu alijilaza chumba cha pili akilia kwamba kamuua mwenzake.

Asubuhi moja Bwana Choo akasimama na kipaza sauti penye bomba, tukiwa kwenye foleni ya maji. Nilijua atasema hatujui kusoma.

"Karatasi zile niliwaletea mimi," alisema. "Neno lile niliona litawachanganya, nikanyamaza kwa kuwa limeandikwa na wakubwa. Kosa ni langu. Chanya maana yake unao ugonjwa. Hasi maana yake haukuonekana."

Fundi baiskeli akamrushia, "Na kesho utatuambia ni jina la sabuni!"

"Kesho nikijua zaidi nitasema. Nisilolijua nitasema silijui."

"Mama Vifungo atapona?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Jana alikuwa bado anavuta hewa ya mtungi. Nitakwenda kuuliza, saa kumi nirudi hapa."

Saa kumi akarudi. "Bado." Kesho yake, "Bado." Siku ya tatu akasema, "Ameketi, na amemgombeza muuguzi kwa kitanda kutandikwa vibaya." Foleni nzima ikacheka. Huyo ni yeye hasa.

Kuanzia hapo kila karatasi alikata neno la wakubwa kwa kalamu nyekundu, akaandika UNAO au HUNA. Wakamwita ofisini aeleze kwa nini anachafua nyaraka. Alichowajibu sikijui, alirudi na kalamu yake.

Koo lilipoanza kuniwasha sikutumwa na mtu. Nilikwenda penye meza yao nikainua pua. "Fanya upesi, kabla sijabadili mawazo."

Majibu yangu Bwana Choo aliyapitisha mwenyewe chini ya mlango.

"Nikusomee, dada?" mdogo wangu akaita kutoka chumba cha pili.

"Kaa na darasa lako la saba."

Nikazifuata herufi kwa kidole: U, N, A, O. Nikapiga komeo, nikamwita Bwana Choo dirishani, nikamtajia wote niliowapima nguo wiki ile, awafuate wakapime.

"Wakiniuliza ni nani mgonjwa, nikutaje?"

"Nitaje. Wakisikia hata mimi niliyekufukuza mlangoni nimekubali kupimwa, watakwenda."