Jina la Kwanza kwenye Karatasi

Nilikuwa nimechoka kabla hata sijatoka nyumbani. Wiki nzima nilikuwa nimesimamia mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa darasa la saba, nimesimama kutwa nikiangalia visogo vya watoto, na ilipofika Jumamosi nyayo zilikuwa zinaniwaka moto. Mtu mwenye akili timamu angelala. Lakini wapenzi wa bendi hatuna akili timamu, wake zetu walishalitangaza hilo zamani sana.

Sisi ni kikundi cha wapenzi wa bendi moja ya dansi kutoka Dar es Salaam. Tulianza tukiwa vijana wenye viuno laini, na sasa kwenye mifuko yetu hakikosekani kidonge cha presha au cha sukari. Kila bendi ikija Mwanza tunashona sare ya kitenge, tunakwenda uwanjani mapema, tunasimama upande uleule, kulia kwa jukwaa, mbele ya spika. Halafu tunapeleka karatasi ya salamu. Hiyo ndiyo kazi yangu, maana mimi ni katibu. Naandika majina ya wanakikundi kwa mwandiko wangu wa ubaoni, karatasi inapelekwa jukwaani, na mwimbaji wetu, magitaa yakitulia katikati ya wimbo, anayasoma moja baada ya jingine. Ukisikia jina lako linatoka kwenye spika zile mbele ya uwanja mzima, unanyoosha mkono na kupiga kelele bila aibu. Asiyewahi kuitwa hawezi kuelewa. Mimi nina miaka hamsini na sita, wajukuu wawili, na bado moyo unanienda mbio zamu yangu ikikaribia.

Jina la kwanza siku zote lilikuwa la mwenyekiti wetu, fundi wa kuchomelea mageti pale Igoma, rafiki yangu kuliko ndugu. Presha ilimpanda akiwa kazini, miezi saba kabla ya tamasha hili, na hakufika hospitali. Tulimzika Jumanne, Jumatano nikaingia darasani. Tangu hapo nimekuwa na uchovu wa aina ambayo ukilala nao unaamka nao, na sijui dawa yake.

Mke wake, mwanamke wa Bukoba, alikuwa anaipenda bendi kuliko sisi wote. Walikutana kwenye dansi, wakaoana kwa dansi, na nadhani hata ugomvi wao ulikuwa unaishia kwenye dansi. Alhamisi jioni, baada ya mtihani, nilipita kwao Mkolani kumpelekea kitenge cha sare. Nilimkuta uani anamenya ndizi. Alikipokea, akakikunjua, akakikunja tena vizuri.

"Nitakuja, shemeji," alisema. "Ila jina lake usiliandike."

"Hata kwa kumkumbuka tu?"

"Hata kwa kumkumbuka. Nikienda sokoni, pole mama. Kanisani, pole mama. Bombani naacha ndoo napokea pole. Nimechoka kuhurumiwa. Nataka siku moja nicheze kama watu wengine, nirudi nyumbani, nilale. Wakimtaja mbele ya uwanja mzima nitaanguka, shemeji. Na nikianguka pale, sitatoka tena humu ndani."

Nilimwahidi. Nikaongeza kwamba ahadi ni deni, maana sisi walimu tukikosa la kusema tunasema methali.

Jumamosi tulifika uwanjani saa tisa na nusu. Jua lilikuwa bado kali, moshi wa mishikaki unatuingia machoni, na juu ya mawe ya kilimani, nje ya ukuta, watu wasiotaka kulipa kiingilio walishajipanga wakisubiri kuona bure. Niliandika karatasi nikiwa nimechuchumaa, nimeiweka juu ya goti, huku mmoja wetu akinisimulia habari za mgongo wake. Nilikuwa nasikia nusu na kuandika nusu. Nikamkabidhi mama muuza dagaa wa Igogo, mjumbe wetu wa miaka yote, mwanamke mwenye viwiko ambavyo umati wowote unavipisha.

Bendi ilipanda, na kwa nyimbo mbili za kwanza nilisahau miguu yangu. Nyimbo zile tunazijua mpaka pale mpiga tumba anapovuta pumzi. Mwimbaji amezeeka, kitambi kimemtangulia, sauti ya juu haifiki tena kule ilikokuwa inafika, kwa hiyo akikaribia pale tunamwimbia sisi. Hakuna anayemcheka. Shemeji alikuwa mbele yangu kidogo, amefumba macho, anacheza taratibu kwa mabega. Niliwaona wenzangu wakimtazama kwa pembeni na kutabasamu. Nami nikajisikia nimefanya jambo jema, jambo ambalo halikuwa limenitokea kwa muda mrefu.

Wimbo wa pili ulipoisha aligeuka, uso umelowa jasho.

"Shemeji, mwaka huu umeandika wangapi?"

"Kumi na wawili," nilijibu harakaharaka.

Alikuwa ameshageukia jukwaa. Mimi nilibaki na ile namba mdomoni. Kumi na wawili ndio tuliokuwa siku zote. Sasa tuko kumi na mmoja. Na hapo nikaiona karatasi yote kichwani, mstari wa kwanza, herufi kubwa, cheo kimetangulia jina, kama ninavyoandika miaka yote.

Nilitoka mbio. Niseme ukweli, nilitoka kwa mwendo ambao mwenyewe niliuona mbio. Nilikanyaga watu, nikamwagia mtu soda, nikafika kwenye vyuma vya jukwaani ninahema. Baunsa alinitazama kitenge, akanitazama mvi.

"Mzee, na wewe unataka kupanda?"

"Kuna karatasi imepelekwa kimakosa. Nirudishie, kijana wangu, nakuomba."

Alicheka. Mama wa dagaa akanikuta pale anarudi, anang'aa. "Imefika! Ameipokea kwa mkono wake!" Nilitamani kukaa chini palepale. Nilijichukia, na zaidi niliuchukia uchovu wangu, maana si kwamba nilimsahau marehemu wala mjane. Mkono ulijua njia moja tu, nikauacha uende.

Nilirudi nikisukumana na watu, nimeazimia kumwambia shemeji tutoke nje kabla ya salamu kusomwa. Wimbo wa tatu ulikuwa umeanza. Nilipomfikia nikamgusa bega, na palepale magitaa yakatulia.

"Shemeji, nimekosea," nilianza.

Mwimbaji alikuwa anatoa miwani mfukoni. Akaivaa, akaikunjua karatasi yangu.

"Mwanza! Watu wangu wameniandikia! Naanza na mwenyekiti wangu!" Akalitaja jina lote, la kwanza mpaka la babu. "Mwenyekiti, uko wapi? Nyoosha mkono nikuone!"

Hakuwa na habari. Nani angempelekea habari za fundi wa Igoma? Uwanja ulishangilia kama kawaida, ila kwenye kona yetu mikono ilibaki chini. Wenzangu wakanitazama. Nilitazama chini.

"Mwenyekiti! Au masikio yamezeeka?" Watu wakacheka. "Nyoosha mkono, baba!"

Niliposikia kelele karibu yangu nilidhani ni kilio. Nikainua macho. Shemeji alikuwa amenyoosha mkono, vidole vyote vimekunjuliwa, amesimama kwa ncha za viatu.

"Yupo!" alipiga kelele. "Yupo hapa!"

"Nimekuona, mama! Mwambie asikae, chemko linakuja!"

Akaendelea na majina mengine. Langu lilipotajwa sikunyoosha kitu. Yeye mkono wake ulikuwa bado juu, haukushuka mpaka jina la mwisho liliposomwa, halafu chemko likaanza, gitaa la solo likaingia na uwanja mzima ukaanza kuruka. Nilimsogelea. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa machozi, kwa kumbeba mpaka nje.

"Nisamehe," nilimwambia sikioni. "Niliahidi, nikachoka, nikaandika bila kufikiri. Sina neno jingine."

Alinigeukia. Miguu yake ilikuwa imara kuliko yangu.

"Nimekukasirikia," alisema. "Na kesho nitakuwa bado nimekukasirikia, usije kwangu."

"Sawa, shemeji."

"Miezi saba kila anayemtaja anaanza na neno marehemu. Padri, majirani, watoto wangu. Hata mimi nimezoea." Alifuta uso kwa kiganja. "Huyu amemwita kama mtu aliyekwenda kununua maji tu, anarudi. Nilipoitika, nilikuwa mke wa mtu."