Samadi Si Mboji: Miaka Yangu ya Ubibi Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kata ya Itaka, Afisa Kilimo wa Kata alinipeleka kwenye shamba la kahawa kabla sijapata hata pa kuweka sanduku langu. Akafukua chini ya mibuni, akanitilia udongo mweusi kiganjani.

"Binti, hiki ni nini?"

"Mbolea vunde, mzee," nikajibu.

"Unaona jani humo? Kijiti je?"

"Sioni."

"Basi si vunde. Vunde bado inaoza. Hii imekwisha kuoza, imeshikana na udongo. Hii ndiyo mboji."

Niwaeleze vijana, kwa sababu hata vitabu huyachanganya maneno haya. Samadi ni kinyesi cha mifugo. Vunde ni majani, mabua na takataka ulizozirundika zikaoza. Mboji ni kile kinachobaki ardhini kuoza kukiisha: cheusi, chepesi, kinanukia kama msitu baada ya mvua, na kinashika maji. Huwezi tena kutambua kama kilikuwa jani au kinyesi. Tena si kila udongo mweusi una mboji nyingi. Ule wa mbugani unaonata kwenye jembe ni mfinyanzi. Weusi wake usikudanganye.

Ruzuku ya serikali ilipoondolewa, bei ya mbolea ya dukani ikawashinda wengi. Afisa Kilimo wa Wilaya akatuita. "Nendeni mkahubiri mboji," akasema. Tukahubiri. Kumbe kila aliyesikia neno lile alielewa lake.

Hilo nililiona Msangano nilikohamishiwa, wakati huo bado ikiwa wilaya ya Mbozi. Kule bondeni walikuwa wamehamia wafugaji wengi kutoka Usukumani. Mmoja wao, Mzee Masanja, alinipokea kwa hasira.

"Bibi Shamba, mboji yenu imeniulia mahindi!"

Tukaenda shambani. Mahindi yalikuwa yamekauka kama yaliyopitiwa na moto. Nikachimbua shina moja. Mizizi ilikuwa imekaa juu ya samadi mbichi, imetolewa zizini ikafukiwa siku ileile ya kupanda.

"Mzee, hii ni samadi, tena mbichi. Ikioza karibu na mizizi inatoa joto, inaunguza. Ilitakiwa ikae kwanza, ioze."

"Mkutanoni mlisema mboji. Mimi nimeweka mboji."

 Mkutano ule aliuendesha mwenzangu niliyempokea kituo, lakini hata mimi ningesema vilevile.

Masanja alikwisha kuamua. Shamba limechoka, nyasi zimekwisha, wahame. Mke wake, Mama Holo, alitufuata mpaka uani.

"Mimi sihami," akasema. "Tumehama nikiwa na mimba, tumehama nikiwa na mtoto mgonjwa. Mtoto tumemzika njiani. Safari hii nenda wewe na ng'ombe."

"Utakula nini hapa?"

"Nitalima."

Masanja akanigeukia. "Mwambie, Bibi Shamba. Mwambie udongo huu umekufa."

Ilikuwa rahisi kumpa matumaini mama yule, na ilikuwa hatari. Nikasema nilichokijua: "Haujafa, mzee. Umeishiwa mboji. Itarudi, ila polepole, na miaka ya kwanza Mama Holo atavuna kidogo."

Ng'ombe waliondoka na Masanja kabla ya mvua, na samadi ikaondoka nao. Ile iliyobaki zizini tuliirundika pamoja na mabua ambayo zamani yalichomwa moto, tukatia majivu na maji, tukafunika kwa nyasi. Majirani walimcheka kwamba mume amemwachia takataka. Msimu wa kwanza alikula kwa kupalilia mashamba ya wengine. Uliofuata mahindi yalisimama upande mmoja tu, ule ulioshuka kuelekea kijito. Mwaka baada yake nikahamishiwa Isongole, sikuuona mwisho.

Ndivyo kazi yetu ilivyokuwa. Ofisi ilitaka matokeo ya msimu, mboji inataka miaka, na sisi tulihamishwa katikati. Nimestaafu bila kujua mashamba mengi niliyoyagusa yaliishia wapi.

La Mama Holo nalijua. Baada ya kustaafu nilipita Msangano kwenye msiba, nikaingia kwake. Mahindi yalikuwa yamenipita kimo. Mwanamume mzee, mwenye jembe, alisimama kando ya rundo la mabua. Alikuwa Masanja. Maradhi yalimmalizia ng'ombe huko alikokwenda, akarudi kwa miguu.

"Shikamoo, mzee. Umerudi kulima?"

"Marahaba. Nimerudi," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea nyumbani: "Mama Holo! Shimo la vunde leo nichimbe wapi?"

"Subiri nije," mke wake akajibu. "Usije ukaharibu."

Akasubiri.